Pua kuziba usiku na asidi kupanda kooni: kipi kinaanza?

#1 Mwana_Birere (Goma)
Jambo bandugu. Naleta dai, mwenye hoja alipinge. Wengi wanaopita famasia hapa Goma kutafuta gutu (matone ya dawa) za pua kwa kuwa pua inaziba kila usiku hawaumwi pua. Wanaumwa tumbo. Asidi inapanda wakilala, inafika kooni, na pua inajibu kwa kuvimba. Angalieni mpangilio: mchana pua iko sawa, saa moja au mbili baada ya kulala inaziba, asubuhi sauti nzito, koo linakwaruza, kohozi la kunata halitoki wala halimezeki. Kiungulia hakuna, na hapo ndipo watu wanapotea njia, wakidhani asidi bila kiungulia haipo. Umio unasukuma asidi chini na mate yanausafisha upesi. Koo na zoloto havina usafi wa namna hiyo, kidogo tu kinaviumiza.

Swali: unaanza kutibu pua au tumbo?

#2 Nesi_wa_Usiku (Bukavu)
Nusu ya dai nakubali, nusu siipokei. Kulala peke yake kunaziba pua hata kwa mtu asiye na asidi. Ukijinyoosha, damu inajaa kwenye nyama za ndani ya pua na zinavimba. Juu ya hilo kuna zamu: tundu moja linabana, lingine linafunguka, kisha yanabadilishana baada ya saa kadhaa. Richard Kayser aliieleza zamu hiyo mwaka 1895, si jambo jipya.

Kipimo cha kitandani hakina gharama. Lala ubavu wa kulia, tundu la kulia litabana. Geukia kushoto, subiri robo saa. Kizibo kikihama nawe, hiyo ni damu na mlalo. Kikibaki upande uleule usiku na mchana, wiki baada ya wiki, fikiria ukuta wa kati uliopinda au polipi (kinyama kilichoota puani), na hapo dawa ya tumbo haitasaidia kitu.

#3 Famasia_ya_Kona (Goma)
Kabla ya pua na tumbo, ulizeni chupa. Gutu zenye nafazolini, oksimetazolini au ksailometazolini zinabana mishipa ya damu na pua inafunguka ndani ya dakika 10. Zikitumika zaidi ya siku 5 hivi, mishipa inazizoea: dawa ikiisha nguvu, inatanuka kuliko mwanzo. Mtu anaongeza gutu, pua inaziba zaidi. Saa za kuziba ni zipi? Usiku, kwa sababu gutu ya jioni imeisha nguvu. Mpangilio wa #1 unafanana kabisa na huo.

Kuacha: acha tundu moja kwanza, endelea na lingine kwa wiki moja, kisha acha lote. Wakati huo osha kwa maji ya chumvi, na ukiweza tumia sprei ya kotikosteroidi (dawa ya kushusha uvimbe), mfano beklometazoni au flutikazoni, kila siku. Haifungui pua siku ya kwanza, ipe wiki 2. Wengi wanaipuliza vibaya: mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, na wa kushoto tundu la kulia, ncha ielekee sikio, si ukuta wa kati, la sivyo utatoka damu. Na usivute kwa nguvu, dawa itaishia kooni umeimeza.

#4 Katuba_Lubum (Lubumbashi)
Beye ba Goma, kila kitu kwenu ni asidi ao volkano 😂 Huku Lubum mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya usiku ni kali, vumbi jekundu liko kila mahali, watu banafunga madirisha na mbabula (jiko la makaa) inabaki ndani ya nyumba. Pua inaziba, mtu anahema kwa kinywa, koo linakauka. Asidi inatoka wapi hapo?

#5 Mzee_Himbi (Goma)
Volkano usiitanie, mdogo wangu. Hapa mazuku yanaingia majumbani usiku, watu wanaamka pua zimefunga.

#6 Jiwe_Jeusi (Goma)
Mzee wangu wa #5, heshima yako, lakini mazuku hayafanyi hivyo. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, inalala mabondeni na mashimoni, haina harufu, na inaua mtu au mbuzi aliyeshuka humo. Haivimbishi pua. Inayochoma pua ni salfa dioksidi ya moshi wa Nyiragongo, ile yenye harufu ya kiberiti kilichowashwa. Inayeyuka haraka kwenye unyevu, kwa hiyo pua inainasa kabla haijafika mapafuni. Hapo ndipo Katuba ana hoja hata kama hajui: aliyezibwa pua anahema kwa kinywa, gesi na vumbi vinapita moja kwa moja kooni, koo linawaka, naye anaambiwa ana asidi.

Na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kuliko pua. Kaboni monoksidi ya makala (makaa) haina harufu pia. Toeni nje kabla ya kulala.

#7 Mwana_Birere (Goma)
Aksanti Jiwe. Lakini bado hamjajibu pepsini. Kinachopanda si asidi tupu, kuna kimeng'enya cha tumbo kinachosaga nyama. Kinafanya kazi vizuri kwenye pH ya karibu 2, yaani kwenye asidi kali. Kikifika kooni, ambako hakuna asidi nyingi, kinalala, hakifi. Kinakaa juu ya ngozi laini, na akinywa mtu soda au maji ya ndimu kinaamka na kuanza kusaga hapo kilipo. Ndiyo maana dawa ya kupunguza asidi pekee haitoshi, na ndiyo maana "maji ya ndimu kwa koo" ni kumwagia petroli kwenye moto. Kikifika nyuma ya pua kitafanya hivyohivyo.

#8 Stajeri_ORL (Bukavu)
Kufika kooni, sawa. Kufika puani ni safari nyingine, na wengi katika fani hawaamini kwamba kimiminika kinafika huko kwa wingi wa kutosha kwa mtu mzima. Kuna njia 3 zinazogombaniwa.

Ya kwanza ndiyo hiyo ya #7, mvuke au matone madogo yanagusa nyuma ya pua.

Ya pili ni neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na umio na tumbo. Asidi inagusa sehemu ya chini ya umio tu, neva inapeleka habari, na pua inajibu kwa kutoa kamasi na kuvimba bila kuguswa na chochote. Hii inaeleza kwa nini mtu anaweza kuwa na pua mbaya na koo safi kwenye fibroskopi (kamera nyembamba ya kuangalia koo).

Ya tatu inapindua dai la #1: pua ndiyo inaanza. Ukizibwa unavuta hewa kwa nguvu, hasa mwenye kukoroma ambaye koo linajifunga usingizini. Kifua kinavuta kama bomba la sindano ambalo tundu lake limezibwa, msukumo wa ndani unashuka chini, na yaliyo tumboni yanavutwa kupanda. Tena mwenye pua iliyoziba anameza hewa anapokula. Hewa itatoka kwa kucheua, na kila cheuo hufungua vali ya chini ya umio. Kuhema kwa kinywa kunakausha mate, na mate yana baikabonati inayotuliza asidi. Kwa hiyo asidi ileile inakaa muda mrefu zaidi.

#9 Nesi_wa_Usiku (Bukavu)
Ongeza ya nne: hakuna asidi yoyote, ni kamasi inashuka nyuma ya pua. Kamasi hiyo inaleta kujikohoza, sauti nzito asubuhi na hisia ya donge. Hata dodoso la asidi ya kooni la mwaka 2002, lenye maswali 9 ya alama 0 hadi 5, ambalo likizidi 13 mtu anahesabiwa ana ugonjwa, lina swali la makohozi kooni au kamasi inayoshuka kutoka puani. Ukiwa na aleji ya vumbi la godoro, unapata alama 5 za bure hapo, nyingine za kujikohoza, nyingine za kikohozi. Umeshazidi 13 bila tone la asidi.

#10 Katuba_Lubum (Lubumbashi)
Nesi kaweka msumari. Birere, jibu 😄

#11 Mwana_Birere (Goma)
Dodoso si ushahidi, nakubali. Lakini mtu akipewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, na pua ikafunguka?

#12 Stajeri_ORL (Bukavu)
Akipewa kidonge cha unga mtupu huenda ikafunguka pia. Uingereza walijaribu: watu 346 wenye dalili za koo zisizoisha, nusu wakapata lansoprazoli, ndugu ya omeprazoli, miligramu 30 mara mbili kwa siku kwa wiki 16, nusu kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitoka 2021. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu haikutofautiana. Haina maana asidi haipandi. Maana yake ni kwamba "nimepona kwa omeprazoli" hakuthibitishi kilichokuwa kinauma, na hao walichaguliwa kwa dalili za koo, si za pua.

#13 Famasia_ya_Kona (Goma)
Nusu ya wanaosema omeprazoli haisaidii wanaimeza vibaya. Inamezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, si baada ya kula wala wakati wa kulala ukiwa huna cha kula. Inazima pampu za asidi zinazoamshwa na chakula. Bila chakula pampu zimelala, dawa inapita bure. Usitafune chembe za ndani ya kapsuli, zimefunikwa ili zisiharibiwe na asidi ya tumbo. Ukiwa umeitumia miezi, usiikate siku moja: tumbo linarudisha asidi kwa hasira kwa wiki kadhaa, mtu anadhani ugonjwa umerudi. Punguza dozi, ruka siku, tumia alginati (dawa inayoelea juu ya chakula tumboni na kuzuia asidi isipande) baada ya chakula na kabla ya kulala.

Sasa dawa zinazoleta pua na tumbo kwa pamoja, hizi hamjazigusa:

Diklofenaki na ibuprofeni zinauma tumbo. Kwa watu fulani wenye polipi na pumu zinafunga pua na kifua ndani ya saa chache. Kwenye vitabu vya Kifaransa inaitwa ugonjwa wa Widal. Mtu wa namna hiyo asiguse aspirini. Amlodipini na nifedipini za presha zinalegeza vali ya chini ya umio. Kaptopili, enalapili na wenzao wanaleta kikohozi kikavu cha kukwaruza koo ambacho hakina uhusiano na asidi, kinaisha dawa ikibadilishwa na daktari. Usiiache mwenyewe.

#14 MamaSambaza (Goma)
Na mjamzito je? Wengi wanalia pua na kiungulia miezi ya mwisho.

#15 Famasia_ya_Kona (Goma)
Mama, huyo ana vyote viwili kihalali. Homoni za mimba zinavimbisha nyama za pua na zinalegeza vali ya umio, na mtoto anasukuma tumbo juu. Kama anatumia metilidopa kwa presha, nayo inaziba pua. Gutu za kubana mishipa asizinunue mwenyewe, zinaweza kupandisha presha. Maji ya chumvi, kitanda kuinuliwa, chakula kidogokidogo, alginati. Pua hurudi yenyewe wiki chache baada ya kujifungua.

#16 MamaSambaza (Goma)
Aksanti sana. Sasa chakula. Mnasema asidi, asidi, hamsemi sahani. Sombe (majani ya muhogo) na mawese vinakatazwa ao hapana?

#17 Mwana_Birere (Goma)
Kinachoumiza kwanza ni saa na ujazo, mama, kabla ya aina. Fufu kubwa saa tatu usiku kwa sababu umeme au makala vimechelewa, na kulala saa nne, hata ikiwa na majani ya maboga tu, itapanda. Tumbo lililojaa linavuta vali. Acha saa 3 kati ya kijiko cha mwisho na kitanda. Mlo mkubwa uhamie mchana.

Baada ya saa ndiyo aina. Mafuta yanachelewesha tumbo kumwaga, kwa hiyo sambaza (dagaa wa ziwa Kivu) za kukaanga na sombe yenye mawese mengi ziliwe mchana. Usiku sambaza za kuchemsha. Pilipili inachoma koo ambalo tayari limechubuka. Nyanya na ndimu zina asidi zenyewe. Primus (bia) na kasiksi (pombe ya ndizi) zinaleta gesi na pombe kwa pamoja, pombe inalegeza vali. Kahawa inategemea mtu.

#18 Nesi_wa_Usiku (Bukavu)
Ongeza mnanaa. Watu wanakunywa chai ya mnanaa "kufungua pua" kabla ya kulala. Mentoli haifungui chochote, inagusa neva za baridi puani, ubongo unadhani hewa ni nyingi, ukipima upitaji wa hewa haujabadilika. Papo hapo inalegeza vali ya umio. Umeidanganya pua na kufungulia tumbo.

#19 Mzee_Himbi (Goma)
Na kujifukiza mikaratusi?

#20 Nesi_wa_Usiku (Bukavu)
Baridi ileile ya uongo, mzee, mvuke unalainisha kamasi kidogo. Sufuria la maji ya moto lisiwe karibu na mtoto, majeraha ya kuungua tunayajua. Maji ya chumvi yanafanya kazi zaidi.

#21 Kadutu_Juu (Bukavu)
Maji ya chumvi: kijiko kimoja kikubwa kwa nusu lita, koroga, vuta puani.

#22 Famasia_ya_Kona (Goma)
Kadutu, utaunguza watu! Kijiko cha CHAI, kisawazishwe kwa kisu, kwa nusu lita. Tunatafuta gramu 9 kwa lita, sawa na chumvi ya damu. Kijiko kikubwa ni mara tatu yake. Ukiongeza nusu kijiko cha chai cha baikabonati, haitachoma. Maji yachemke kwa nguvu dakika 1 hata 3, yapoe hadi yawe vuguvugu. Usitumie maji ya bomba wala ya ziwa bila kuchemsha, kuna amiba adimu anayeingia ubongoni kupitia pua na karibu haponi mtu. Inama juu ya beseni, kichwa kigeuke upande, fungua kinywa na uhemee hapo, mimina tundu la juu litoke la chini. Usipenge kwa nguvu baadaye, maji yataingia sikioni. Chupa ioshwe na ikaushwe kila siku.

Na baikabonati hiyohiyo kuinywa kwa kiungulia: ikikutana na asidi inatoa gesi, gesi inafungua vali, asidi inapanda. Pia ni chumvi kwa mwenye presha.

#23 Katuba_Lubum (Lubumbashi)
Mito mitatu kichwani inasaidia? Nasikia watu banafanya hivyo.

#24 Stajeri_ORL (Bukavu)
Mito inakunja shingo na kiuno, tumbo linabanwa, asidi inapanda zaidi. Inua kitanda chenyewe upande wa kichwa, sentimita 15 hadi 20, ili mwili mzima uteremke kama mlima mdogo. Ubao mgumu au matofali chini ya miguu 2 ya kitanda. Chimba kishimo kidogo juu ya tofali ili mguu usiteleze kwenye sementi, na funga msalaba wa ubao kama kitanda ni cha kuyumba. Lala ubavu wa kushoto: tumbo linabaki chini ya mlango wa umio. Pua pia inapenda kichwa kilichoinuka, damu inashuka.

Ndiyo maana kitanda hakiamui ugomvi wetu. Kinasaidia nadharia zote.

#25 Jiwe_Jeusi (Goma)
Goma matofali ya nini, mawe ya volkano yamejaa barabarani bure 😅

#26 Katuba_Lubum (Lubumbashi)
Yaviringike usiku wa manane muanze kusema tetemeko!

#27 Nesi_wa_Usiku (Bukavu)
Kabla hatujapotea kabisa: sauti nzito zaidi ya wiki 3, chakula kigumu kukwama, kukonda, kuumwa sikio moja, uvimbe shingoni, choo cheusi kama lami, pua ya upande mmoja inayotoa damu. Hapo hakuna kujaribu kitanda wala gutu, ni ORL (daktari wa masikio, pua na koo) au hospitali. Na anayesikia donge kooni apapase shingo mbele ya kioo akimeza maji. Kisiwa cha Idjwi kilijulikana zamani kwa tezi la shingo kwa upungufu wa iodini. Si kila donge ni asidi.

#28 Kadutu_Juu (Bukavu)
Nakubali kosa la kijiko 🙏 Je, kutibu bakteria wa vidonda vya tumbo, Helikobakta, hakufungui pua?

#29 Stajeri_ORL (Bukavu)
Anatibiwa kwa sababu ya vidonda na saratani ya tumbo. Asidi kupanda haitegemei yeye, kwa wengine akiondoka asidi inaongezeka kidogo. Usimbebeshe pua.

#30 MamaSambaza (Goma)
Mtoto wa miaka 3 pua inatoa usaha wa kunuka tundu moja tu, ni asidi pia?

#31 Nesi_wa_Usiku (Bukavu)
Hapana mama, tundu moja na harufu kwa mtoto ni kitu kimeingizwa: haragwe, shanga, sponji ya godoro. Usimwagie maji, haragwe litavimba. Usichokonoe kwa kibanio, litaingia ndani. Betri ndogo ya saa ikishukiwa, aende sasa hivi, inatoboa ukuta wa pua kwa saa chache.

#32 Mwana_Birere (Goma)
Turudi. Napendekeza jaribio: wiki 2 za tumbo kwanza (saa 3, kitanda, bila gutu), andika kila asubuhi pua 0 hadi 5, koo 0 hadi 5.

#33 Famasia_ya_Kona (Goma)
Umeweka vitu 3 pamoja, pua ikifunguka utasema nini? "Bila gutu" peke yake inaweza kuifungua. Gutu kwanza, wiki 2. Kitanda baadaye.

#34 Stajeri_ORL (Bukavu)
Na mimi naanza na pua: mtu avute shavu pembeni kwa kidole, hewa ikipita vizuri, mlango wa pua ni mwembamba au ukuta umepinda. Kisha gutu moja tu ya kipimo: isipofungua ndani ya dakika 10, si uvimbe, ni mfupa au polipi. Dakika 11 jumla, Birere, kabla ya wiki zako 2.

#35 Mwana_Birere (Goma)
Na ikifungua, umejua imevimba. Kilichoivimbisha bado hujakisema.